Wiki tatu sikuwapo darasani, na hakuna aliyejua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa elimu, iliyotulaumu sisi tunaosoma vyuo kwa njia ya mtandao kwamba tunazima kamera, hatuulizi maswali na tunaingia darasani kwa jina tu. Mimi ni mmoja wa wanaosemwa. Ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Newala, nina stashahada na miaka 16 kazini, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya ualimu katika chuo ambacho sitakitaja, kwa kuwa shida ninayotaka kuieleza naisikia pia kwa wenzangu wanaosoma vyuo vingine.

Nianze na kamera, maana hiyo ni hesabu tu. Kipindi cha saa mbili nikiwa nimewasha kamera kinanila zaidi ya GB 1 ya bando. Nikiizima, hata nusu yake haifiki. Nina vipindi vinne kwa wiki, na mshahara unajulikana. Tena kwangu mtandao unashika vizuri nikitoka nje, kwenye benchi chini ya mkorosho, na saa 2 usiku pale hakuna mwanga wa kumwonyesha mtu sura. Hilo nadhani linaeleweka, nisilirefushe.

Ila makala ile iligusa jambo jingine lililoniuma kwa sababu ni la kweli.

Mwezi Mei mwaka jana mama yangu aliugua akalazwa. Nilikaa naye hospitalini wiki tatu, usiku nikilala kwenye mkeka pembeni ya kitanda chake. Shuleni niliomba ruhusa nikapewa siku hiyo hiyo, na mkuu wa shule akanipigia simu mara mbili kumjulia hali mgonjwa. Chuoni sikujua nimwombe nani. Somo moja lina alama 5 za mahudhurio, nami niliogopa kuzipoteza. Nikamwambia mwanangu aliye kidato cha tatu kwamba kila Alhamisi saa 2 usiku afungue kompyuta, abonyeze kiungo cha kipindi, aiache. Akafanya kama nilivyomwagiza. Alhamisi tatu jina langu lilikaa kwenye orodha, kompyuta ikiwa juu ya meza ya sebuleni, sauti imezimwa, mtoto kaenda kulala. Niliporudi nikafungua ripoti ya mahudhurio: dakika 118, dakika 120, dakika 116. Kwa mujibu wa ripoti ile, mwezi huo nilikuwa miongoni mwa waliohudhuria vizuri.

Nilikosea, na ninalikiri kosa hilo hapa, kwa sababu mimi mwenyewe kila asubuhi naita majina ya watoto wa watu. Lakini kilichonikaa moyoni mpaka leo ni kwamba katika wiki zote tatu hakuna aliyeuliza. Mhadhiri hakuuliza, mratibu hakuuliza, wala mwanafunzi mwenzangu yeyote kati ya 140 tulio kwenye kundi lile. Kazi niliyochelewesha niliituma usiku mmoja saa 7, mfumo ukanijibu wenyewe kwamba imepokelewa. Basi. Katika darasa langu la kidato cha pili, mtoto akikosa siku tatu namtuma jirani yake akamwulizie. Msimu wa korosho ukifika najua nani kabakizwa nyumbani kuokota na nani anaumwa kweli. Kazi hiyo naifanya kwa daftari la mahudhurio na kalamu.

Kila mwaka nafundisha watoto kwamba Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: po, ko na mo. Mwalimu akiita jina, mtoto hajibu "niko", anajibu "nipo", yaani hapa hapa, mahali panapojulikana. "Niko" ni kule kusikobainika. Mtu akikupigia simu nawe uko safarini, unamwambia niko njiani, na hawezi kujua ni njia ipi wala umefika wapi. "Nimo" ni ndani: nimo katika mazungumzo, nimo katika kazi hii. Somo hili nimelifundisha miaka yote hiyo kama sarufi tu. Niliposoma ile ripoti ya dakika 118 ndipo lilipogeuka kuwa maisha yangu. Kompyuta inaweza kuthibitisha ko peke yake: kuna kifaa mahali fulani, kimeunganishwa. Nikiitwa jina nikaitika, nakuwa po. Na mtu aliyeitwa, akajua anangojwa, haichukui muda akawa mo.

Wataalamu wamelisema hili zamani kwa maneno yao. Tulifundishwa kwamba mwaka 2000 Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Kanada waliandika kwamba darasa la mtandaoni linahitaji kuwapo kwa namna tatu: wanafunzi wawepo kama watu mbele ya wenzao, fikra ziwepo zikifanya kazi, na mwalimu awepo akipanga na kuongoza. Tukafundishwa pia kuhusu Michael Moore, aliyewahi kufanya kazi ya elimu ya watu wazima Kenya miaka ya 1960, ambaye anasema umbali unaomwumiza mwanafunzi haupimwi kwa kilomita; unakua pale mazungumzo kati yake na mwalimu yanapopungua. Nilifurahi sana kulisikia hilo, maana ndilo nililokuwa nikilitafutia maneno. Lakini tulisomewa haya yote kwenye slaidi, saa moja na nusu, bila mmoja wetu kufungua mdomo. Mwishoni mhadhiri akauliza kwa Kiingereza kama kuna swali, akasubiri sekunde chache, akasema kama hakuna basi tuishie hapo. Mimi nilikuwa nimeandika swali langu kwenye sehemu ya ujumbe tangu mapema: mwanafunzi aliyeishiwa bando katikati ya kipindi anahesabiwa yupo au hayupo? Kipindi kikafungwa, na swali likafungwa nacho.

Simlaumu mhadhiri yule kama mtu. Ana watu 140, ana masomo mengine, na mbele yake kuna viboksi vyeusi vyenye majina. Najua hali hiyo. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, niliwatumia wanafunzi wangu 52 wa kidato cha nne maswali kwa WhatsApp kupitia simu za wazazi wao. Waliojibu ni 9. Nilikaa na simu mkononi nikiwafikiria wale 43, sijui kama wameona, kama simu ina chaji, kama mzazi kaenda nayo shamba. Kufundisha watu usiojua kama wapo kunamchosha mwalimu kuliko darasa lenye kelele.

Tena liko suala la lugha, ambalo makala yenu haikuligusa kabisa. Darasani ana kwa ana, mtu asiyejiamini Kiingereza humnong'oneza jirani yake, jirani akauliza kwa niaba yake. Mtandaoni hakuna jirani. Ukifungua maiki, sauti yako inasikika na watu 140 na kipindi kinarekodiwa. Watu wazima, walimu, wengine walimu wakuu, wananyamaza muhula mzima kwa kuogopa kukosea sarufi mbele ya rekodi.

Sasa nieleze nilichokiona kwa macho yangu, ili nisionekane mtu wa kulalamika tu.

Muhula uliofuata tulipata mhadhiri msaidizi, binti mdogo kwangu kwa miaka mingi, sisi sote tukimwita Madam. Alikuwa na watu wale wale 140 na mtandao ule ule. Jambo la kwanza alilofanya ni kutugawa katika vikundi vya watu saba saba na kila kikundi kuwa na kundi lake la WhatsApp. Alifungua kipindi robo saa kabla ya wakati, na katika robo saa hiyo hafundishi: anaita majina ya kikundi kimoja na kuzungumza nacho kwa Kiswahili. Zamu yetu ilipofika akaniambia, "Dada wa Newala, ukisimama nje hapo kwenu asubuhi unaona nini?" Sikuwa nimetegemea swali la namna hiyo. Nikamwambia kukipambazuka, ukisimama ukingoni mwa uwanda, bonde lote la Ruvuma linakuwa limejaa ukungu mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Mwenzetu wa Kasulu akadakia na habari za kwao. Yule wa Mbulu akasema kwao baridi ile imemfanya avae koti ndani ya nyumba. Nilikuwa nimesoma na watu hawa mwaka mzima na ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti zao.

Somo lenyewe alilifundisha kwa Kiingereza kama utaratibu unavyotaka, lakini kila baada ya dakika ishirini alisimama, akavipa vikundi swali moja, tukajibizana humo kwa lugha yoyote, kisha mmoja akarudi kusema tulichokubaliana. Wasio na bando ya kutosha walimaliza kipindi kupitia kikundi. Tuliwarekodia sauti, wakazisikiliza asubuhi. Nikikosa, watu sita wanajua nimekosa. Mara moja umeme ulikatika mji mzima, na kabla ya saa 3 simu yangu ilikuwa na ujumbe: "Mwalimu, vipi, uko salama?"

Insha yangu ya kwanza aliirudisha na sauti ya sekunde 40. Nilizoea kupata alama na neno moja la Kiingereza. Yeye alisema hivi: "Dada, ukurasa wa tatu umesema mtoto anayefikiri kwa Kimakonde anapanga insha ya Kiswahili kama masimulizi ya kwao, halafu ukaacha. Mbona umeniachia njiani? Hebu endelea hapo hapo." Nilikuwa jikoni, nimeshika mwiko. Nilizima jiko nikaisikiliza tena nimekaa chini, kisha mara ya tatu. Kulikuwa na mtu aliyefika ukurasa wa tatu! Usiku ule niliandika kurasa nne nyingine ambazo hakuna aliyezidai kwa alama.

Nilipomsimulia baba habari za vikundi vile, alicheka, akasema hivyo ndivyo walivyofanya wao mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Baba alikuwa kiongozi wa kikundi kijijini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vipindi vya redio na vijitabu kwa wiki 12, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi kusikiliza. Walikusanyika kwenye redio moja, kipindi kikiisha redio inazimwa, kijitabu kinafunguliwa, wanajadiliana: maji tunachota wapi, choo kiko wapi, mbu wanazaliana wapi. Kisha wanakwenda kuchimba choo. Aliyekuwa studio Dar es Salaam hakuwasikia wala hakuwaona. Lakini baba anakumbuka hadi leo nani alikaa upande gani wa redio, na mzee gani alibisha kuhusu kuchemsha maji mpaka wiki ya sita. Redio ilipeleka sauti upande mmoja tu, na watu wale bado walikuwapo darasani kuliko mimi mwenye kompyuta, kwa sababu kila mmoja alikuwa mbele ya watu wanaomjua.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo ni kwamba msituongezee masharti ya kuwasha kamera. Acheni kuhesabu dakika za kifaa na kuziita mahudhurio, maana mimi nimewaonyesha jinsi zinavyopatikana. Kila mwanafunzi awe na kikundi kidogo na mtu mmoja wa chuo anayelijua jina lake, ambaye akipita wiki moja bila kumsikia atapiga simu. Majadiliano yaruhusiwe kwa Kiswahili. Najua mtasema wahadhiri ni wachache. Basi hapo ndipo Tume ya Vyuo Vikuu inapohitajika: inapoidhinisha programu ya mtandaoni iulize kwanza kila mkufunzi atabeba wanafunzi wangapi, na ikisikia 140 kwa mtu mmoja asiye na msaidizi, irudishe karatasi. Ada tunalipa kama wengine. Kusomea nyumbani hakupunguzi haki ya kufundishwa.

Madam yule alikuwa na mkataba wa muhula mmoja. Ulipoisha tukarudi kwenye slaidi. Kikundi chetu cha saba hatujakivunja, lakini wenzangu wako Kasulu, Mbulu na kwingineko, tunaishia kusikia sauti tu. Ndiyo maana tangu Januari sisi wanne wa hapa Newala, tunaosoma vyuo vitatu tofauti, tunakutana kila Jumamosi saa 9 alasiri katika darasa la kidato cha pili B, mkuu wa shule katuridhia. Tunaunga bando moja, tunapakua kipindi kilichorekodiwa, tunakisikiliza kwa spika ndogo na kukisimamisha kila mtu anapotaka kubisha. Mwanafunzi wa chuo chochote aliye Newala, Tandahimba au Masasi na anaweza kufika, aje. Ufunguo ninao mimi, na madawati yapo.

Mwalimu wa Kiswahili,
Newala, Mtwara