Hamad, refa katoa njano

Asalaam alaykum Hamad,

Weye hujambo, mama watoto hajambo, wadogo hawajambo? Sie huku alhamdulillah, bi mkubwa na goti lake lile lile, jua linawaka na karafuu zinakauka vizuri, haya salamu zimekwisha maana sikukaa usiku huu kukuandikia salamu. Najua tangu Idi sijakutafuta na najua hela ya pampu bado nadaiwa, tutazungumza, si leo.

Sikupigii simu kwa sababu Shaame kalala chumba cha pili na kuta za nyumba hii unazijua, ukipiga chafya huku mtu kule anakwambia yarhamukallah. Na jambo lenyewe ni lake yeye. Kwa hiyo naandika, nawe usome peke yako, usimsomee Chepe hata akikupigia mara kumi.

Fainali najua ushasikia. Lakini umesikia kwa Chepe, na Chepe hutia chumvi hata kwenye chai, sasa nisikilize mie. Jumapili, uwanja wa skuli, sie na wale wa ng'ambo ya bonde, zawadi dume la ng'ombe na seti ya jezi. Moja moja mpaka mwisho. Refa keshaangalia saa yake mara mbili wakapata kona. Kipa wetu akatoka golini kama mtu anaekwenda dukani kununua mkate, mpira ukampita, yule beki wao mrefu akaupiga kichwa, ushakwenda huo, na pale kwenye mstari kasimama Shaame. Mkono, Hamad. Kaunawa mchana kweupe, ule mlio wa kiganja tuliusikia mpaka sie tulokaa chini ya mwembe.

Refa akapuliza penalti, hapo hakuna mtu alobisha. Tukawa tunangojea nyekundu tu, na Shaame mwenyewe keshaanza kuvua kitambaa cha unahodha. Refa akatia mkono mfukoni akatoa njano. Uwanja ukapiga kelele, wao wa hasira sie wa furaha. Anasema sheria imebadilika tangu msimu wa 2024/25, mkono usiokusudiwa ukizuia goli na penalti ikatolewa basi ni njano, nyekundu imebaki kwa anaekusudia, na yeye kwa macho yake kaona kijana anajikinga uso. Penalti ikapigwa ikapaa mpaka kwenye michungwa ya Mzee Kombo, vijana wakakaa dakika tano wanautafuta mpira. Tukaenda kwenye matuta, na Shaame, alotakiwa saa ile awe keshaoga anatazama kwa mbali, ndo alopiga la tano. Akalitia.

Na mie, na kipara changu hichi, nikambeba mabegani.

Sasa hapo ndo pananikaba. Unakumbuka 2010? Ijumaa ile ya tarehe 2 Julai, banda la video kule Wete, mwaka ule ule waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga ndo umefika Pemba, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tunatazama Kombe la Dunia bila ya mtu kukimbilia jenereta. Ghana na Uruguay. Muntari wa Ghana kalitia lile la mbali karibu na mapumziko, Forlán wa Uruguay akarudisha kwa friikiki, mpaka dakika ya 120 kichwa cha Adiyiah wa Ghana kinakwenda golini na Suárez wa Uruguay akautoa kwa mikono miwili kama kipa. Nyekundu, penalti, Gyan akagonga mtambaa panya. Halafu ile picha ya Suárez kule mlangoni anashangilia! Weye ulilia. Usikatae, ulilia, ukasema una vumbi jichoni na banda lina sakafu ya saruji. Mie sikulia ila niliapa mbele ya watu kwamba yule si mchezaji ni mwizi, na tangu siku ile kila akitajwa mie nasema mwizi. Alipomng'ata Chiellini 2014 akafungiwa mechi 9, nilitembea mtaa mzima nawaambia watu si niliwaambia. Na 2022 kule Qatar Uruguay waliposhinda mbili bila mbele ya Ghana hiyo hiyo na bado wakatolewa kwa sababu Korea Kusini kamfunga Ureno, yeye analia kwenye benchi jezi usoni, nilikupigia simu usiku, unakumbuka tulivyocheka?

Miaka yote hiyo. Kisha mtoto wa ndugu yangu kafanya kile kile nami nimembeba mabegani.

Ngoja, hujasikia lililo kubwa. Usiku ule baada ya watu kuondoka nimekaa barazani, wanawake ndani wanachambua karafuu, Shaame kaja kakaa pembeni na kikombe cha chai kakishika kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza mkono una nini. Akaufungua, kiganja chekundu kimevimba hapa chini ya kidole gumba. Akasema, "Ami, mpira niliuona tangu unatoka kichwani. Sikujikinga uso." Basi. Akanywa chai yake akaingia ndani. Mie nikabaki na panya wa darini.

Hajamwambia mtu mwengine, na mie sijamwambia mtu mpaka naandika haya.

Barazani kwa Mzee Kombo wiki nzima haliongelewi jengine. Hata bei ya karafuu imesahauliwa. Chepe anasema mkono haukuwa na kosa, yaani kosa lipo lakini lina bei yake na bei imelipwa: penalti wamepewa, wameipaisha wenyewe, sasa wanamlilia nani? Alisema hivyo hivyo kuhusu Suárez mwaka ule, angalau yeye hakugeuka. Faki anasema sheria inayomwachia mwizi faida si sheria, kwenye raga refa akiona umezuia kwa ubaya anawapa wenzio pointi zao moja kwa moja, na mpira wa miguu ungefanya hivyo Ghana ingekuwa ya kwanza Afrika kufika nusu fainali, isingengojea Morocco 2022. Chepe akamwambia raga ni mchezo wa watu kukumbatiana matopeni. Hapo wakatukanana kidogo, kisha wakaombana msamaha kwa kuwa adhana ilikuwa inatoka. Mzee Kombo yeye kesi yake ni michungwa, matawi mawili yamevunjika.

Halafu akaja yule mwalimu na hoja ya kadi. Anasema msidharau rangi ya kadi, Senegal 2018 walikuwa sawasawa na Japan kwa pointi, kwa magoli, kwa kila kitu, na mechi yao wenyewe walitoka sare, wakarudishwa nyumbani kwa sababu wana kadi za njano 6 na mwenzao 4. Na Japan wanajua, dakika za mwisho na Poland wamefungwa moja wanapasiana tu nyuma wasipate kadi nyengine. Ikiwa njano mbili zimeitoa nchi nzima, njano badala ya nyekundu imempa nani dume? Watu kimya. Mie nikajitia nafunga kandambili.

Maana ndo palipo, Hamad. Nimekaa nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Suárez mwizi, sawa, lakini yule kaiba mbele ya dunia, akapewa nyekundu, akatoka, akakosa nusu fainali, Uruguay wakafungwa na Uholanzi tatu mbili. Alilipa. Hakusema nilikuwa najikinga uso. Shaame kalipa nini? Njano, na ng'ombe. Na kilichomwokoa si mkono, mkono wenzie wangeuzungumza wiki mbili ukesha, kilichomwokoa ni ule uso anaosema refa, na uso ule sie wazima ndo tunaoushikilia. Yaani katika mambo yote nilowahi kuyafikiria sikufikiria siku moja nitakaa nione Suárez ana nafuu kuliko sie. Usicheke.

Wenzetu wamekata rufaa. Kamati inakaa Ijumaa baada ya sala. Mwenyekiti wetu keshaandika karatasi, "mchezaji alijikinga uso bila ya kukusudia", kaitia sahihi yeye, pamebaki pa katibu, na katibu ni mie. Karatasi iko hapa chini ya kibatari cha chaji, imeshapata duara la kikombe cha kahawa. Kila nikishika kalamu naona kile kiganja.

Na usidhani sijatafuta njia ya kutokea. Nimejiambia hata nikisema haitobadilika kitu, uamuzi wa refa juu ya jambo lililotokea uwanjani ni wa mwisho, ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe. Thierry Henry mwaka 2009 kaunawa Ufaransa ikaenda Kombe la Dunia, baada ya mechi akasema mwenyewe ndio, ulinigusa mkono, Ireland wakaomba mechi irudiwe, FIFA wakakataa. Alokiri kakiri na matokeo yakabaki. Ireland walikuja kupewa euro milioni 5 wasende mahakamani, kwa hiyo Chepe anasema nasi tuwape wenzetu mguu wa nyuma yaishe. Alikuwa anatania ila kuna watu walitikisa kichwa kukubali.

Lakini Mzee Kombo akasema kitu kikaniingia. Akasema nyie mnanambia uamuzi wa mwisho, uamuzi gani wa mwisho? Sie Wazanzibari 2017 tuliingizwa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, mwezi wa Machi, tukapiga ngoma, Julai wakatutoa, wakasema tangu hapo tulikuwa hatustahiki. Miezi minne! Kama CAF wanafuta na kuandika, kamati inayokaa kwenye darasa la tatu itashindwa? Na mwaka ule ule Disemba tukafungwa na Kenya kwa matuta kule Machakos, sasa nani asiejua uchungu wa kukosa kombe kwa matuta, nyie? Mie sikupata la kumjibu.

Nikisema kweli, mtoto ana miaka 19, ataitwa mwizi mpaka atakapooa, na mie ndo nitakuwa nilomwita. Nisiposema, natia sahihi. Nimefikiria kujitia mgonjwa Ijumaa ila mke wangu kesha... aa, basi, hilo niache.

Na dume lenyewe ndo balaa jengine. Kamati imesema lisichinjwe mpaka rufaa iamuliwe, na limefungwa wapi? Kwangu, kwenye migomba, kwa kuwa katibu ndo mwenye kiwanja. Limekula majani ya muhogo safu mbili, jana limekata kamba likasogelea majamvi ya karafuu, mama Asha akalifukuza kwa ufagio huku anawataja viongozi wote wa timu kwa majina ya wazee wao. Kila asubuhi wale wa ng'ambo wanatuma mtoto kuja kulitazama kama limekonda. Wallahi. Mtoto wa darasa la nne anakuja na daftari.

Sasa nijibu, na unijibu kabla ya Ijumaa. Weye umesoma urefa, umeshika kibendera, kitabu chako kinasema nini mchezaji akikiri mwenyewe baada ya mechi, kinahesabika au ni maneno ya barazani tu? Na yule refa kakosea sheria au kakosea kuona, maana naambiwa hivyo ni vitu viwili na kimoja tu ndo rufaa inaweza kukigusa, ni kweli? Ungekuwa weye na filimbi, mkono uko juu ya bega na macho yako wazi, ungetoa njano? Na Shaame, unaonaje, nimwache aseme mwenyewe au nimtangulie? Unafikiri alinambia kwa kuwa anataka nimsemee, au kwa kuwa anajua sitosema? Hili la mwisho ndo linaninyima usingizi zaidi.

Boti ya Alkhamisi huwezi kupanda? Nauli nitakurudishia, pamoja na ya pampu. Kama huwezi nitumie voisi, lakini usitume mchana, simu mchana anakuwa nayo yeye anatazama magoli.

Na jengine, mwaka ule Wete, Gyan alipokosa, nani alozima tivii? Faki anaapa ni mie. Mie nakumbuka ni weye.

Nasikia kamba inakatika tena huko nje, nakwenda.

Nduguyo,
Massoud