Mwembe Usiguswe Kabla Barua Hii Haijasomwa

Hexham, Uingereza
24 Agosti 2025

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Natumai wote hapo Tandika hamjambo. Mimi mzima, kazi ipo, zamu za usiku zimepungua kidogo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye kundi la familia nikisema jambo zito najibiwa kwa stika ya mtoto anayecheza ngoma. Ukishaipokea, mpe Kaka Shabani aisome kwa sauti, wote mkiwepo, na Shangazi aitwe kutoka Mbagala. Isomewe nje, kwenye benchi la marehemu Baba.

Nianze na habari kubwa. Mama, mwanao katoka gazetini! Jina langu, la Baba na la Babu, yote matatu, na chini yake wameandika natoka Dar es Salaam. Gazeti linaitwa Hexham Courant, hutoka mara moja kwa wiki, na lilianza 1864, miaka ileile Sultani Majid alipokuwa anaijenga Dar. Si kijarida cha juzi. Dereva wa basi la asubuhi alinitaja kwa jina, na bibi mmoja ninayemhudumia kakikata kipande kile kakibandika kwenye friji lake, juu ya picha za wajukuu. Nami nimekukatia chako, kimo ndani ya bahasha.

Baba angelipenda gazeti hili. Unakumbuka alivyokuwa analifungua kutoka ukurasa wa mwisho, Yanga kwanza, kisha vifo, serikali baadaye? Huku mimi naanza na barua za wasomaji. Watu wanaandikiana kuhusu pipa la taka, mavi ya mbwa, shimo la barabarani. Mzee mmoja kaandika wiki tatu mfululizo kuhusu benchi lililong'olewa kituoni. Wiki ya nne bibi mmoja akamjibu kwamba lilikuwa bovu siku nyingi na lilimchania sketi. Nikawa nasubiri toleo lijalo kama nasubiri tamthilia. Siku moja kondoo kaingia dukani: picha ya kondoo, picha ya mlango, na maelezo ya mwenye duka. Nilicheka ndani ya basi mpaka watu wakageuka. Mbuzi wanaoingia kwa Mangi kila asubuhi pale kwetu wangejaza gazeti zima! Lakini nawaheshimu watu hawa. Mji mdogo, benchi likiondoka wanajua limeondoka, na wanauliza limekwenda wapi.

Sasa sikilizeni kisa cha mti.

Nusu saa kwa gari kutoka hapa kuna ukuta wa mawe wa Warumi, ulioanza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Mfalme Hadrian. Hata basi linalokwenda huko linaitwa AD122. Katikati ya vilima viwili, ubavuni mwa ukuta, palikuwa na mti mmoja peke yake. Wanauita sycamore; simu inanitafsiria mkuyu, lakini si mkuyu wetu. Watu waliposana pale, wakamwaga majivu ya wazazi wao pale. Usiku wa kuamkia 28 Septemba 2023, kukiwa na dhoruba, watu wawili wakaenda na msumeno wa mashine wakaukata. Mama, nchi nzima ililia. Pale kazini niliona mzee wa miaka tisini anafuta machozi kwa ajili ya mti. Mwezi uliopita wale wawili wamehukumiwa jela miaka minne na miezi mitatu kila mmoja. Mahakamani mmoja wao alisema huo ulikuwa mti tu, haelewi watu wanalia nini.

Nilikwenda kuona kisiki. Kimechipua. Na kutokana na mbegu na vikonyo vyake wameotesha miche 49, kwa sababu ulikuwa na urefu wa futi 49, ikagawiwa ikapandwe sehemu mbalimbali.

Ndipo nikashika kalamu. Niliwaandikia kwamba kwetu Dar mti haufi hata ukifa, unageuka kituo cha daladala: Mwembechai, Mkwajuni, Mbuyuni, Mikocheni, na Mwembe Yanga pale karibu yetu. Konda anaita jina la mti kutwa nzima, na abiria wanashuka kwenye kivuli ambacho hakipo tena. Kisha nikawaambia kwamba sisi wetu bado upo, Babu aliupanda mwenyewe, unazaa dodo, na chini yake ndipo nilipojifunza kusoma, Baba akinionyesha herufi kubwa za ukurasa wa mbele kwa kidole. Wakaichapa yote, hawakupunguza hata neno.

Wiki ileile, Kaka, naona stetasi yako. Mwembe wetu una X nyekundu kwenye shina!

Kaka, shikamoo. Nasema kwa heshima, lakini nasema. X ile tumezoea kuiona kwenye nyumba za watu zinazobomolewa kupisha barabara. Wewe umeipaka kwenye mti wa Babu, na mimi nimejua kwa stetasi, pamoja na fundi na wateja wako wa spea. Siku mbili baadaye ndiyo unatuma ujumbe wa sauti, dakika saba, kwamba zinajengwa fremu nne na mchango wangu ni milioni mbili. Hukuutaja mti hata mara moja. Nilipouliza ukasema, "Mti tu huo." Sikufananishi na wale wa msumeno, wewe ni ndugu yangu na una watoto wa kusomesha. Lakini neno ni lilelile, na liliniuma.

Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipompiga Simba tano kwa moja, televisheni ilitolewa nje ikawekwa wapi? Ulinipigia video, nikakuona kwa macho yangu umepanda juu unafunga bendera ya kijani na njano kwenye tawi. Ulikuwa na miaka arobaini na mbili, Kaka. Na msiba wa Baba hatukukodi turubai. Mliniegeshea simu kwenye shina ili niwaone watu, ikateleza, nikabaki naangalia majani tu mpaka dua ikaisha. Sikuwaambia siku ile. Niliyaangalia majani yale vizuri sana.

Unasema kivuli hakilipi ada. Kweli, hakilipi. Lakini nimeomba picha za kiwanja, nimepima kwa karatasi na rula usiku mzima: fremu mbili zinakaa upande wa kwa Mama Zuhura bila kugusa hata mzizi mkubwa. Kwa mbili hizo nitatuma laki tisa mwisho wa mwezi huu na zinazobaki Desemba. Kwa fremu nne sitoi hata ya msumari. Mpangaji wa kwanza mwite muuza kahawa, tayari ana wateja kwenye benchi. Na fundi wa bati wa Mama Zuhura nitamlipa mimi, maana dodo zimemharibia kweli, na malalamiko yake ni ya tangu tukiwa shule ya msingi.

Bibi wa friji ananiuliza kila asubuhi kama mwembe umeshatoa maua. Jana nilimjibu umetoa, mengi, na nyuki wamejaa. Mama, mtu akapake chokaa juu ya ile X kabla sijaulizwa tena.

Nimeikumbuka mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya kulia, na vikombe vya kahawa vikigongana alfajiri. Huku kimya kinaanza saa moja jioni.

Elfu thelathini niliyotuma juzi kwenye simu yako ni ya fremu ya picha, yenye kioo, kwa kipande cha gazeti. Kitundike sebuleni, karibu na Baba. Na embe za kwanza zikiiva, uache simu dirishani usiku mmoja, nisikie dodo linavyoanguka juu ya bati la Mama Zuhura.

Mwanao,
Mwanaidi