Hizo njia za milimani mnazoziita mpya, sisi tumeshushia viazi

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi nauza viazi hapa Uyole, gazeti lenu nalisoma kwa jirani yangu wa duka la pembejeo, yeye ananunua gazeti mimi naleta chai, ndio mkataba wetu. Sasa juzi mmetoa makala ya milima ya Mbeya na sehemu za kupanda kwa miguu, picha ya ziwa Ngozi kali sana nawapa hongera, ila kuna mahali mmeandika eti vijana siku hizi wanafungua njia mpya huko juu. Hapo ndio nimeshindwa kunyamaza.

Njia mpya zipi jamani? Mimi nimezaliwa Isongole, mlima Rungwe nauona mlangoni kila asubuhi kama hakuna ukungu (na ukungu upo siku nyingi tu, kule mvua sio mchezo), njia zote za milima ya Uporoto nimezikanyaga na gambuti nikiwa mtoto, tunashusha viazi mpaka barabarani kwenye lami, gunia likifika hapo mnunuzi anataka lumbesa, gunia lijazwe mpaka lipite mdomo, na bei anapanga yeye, lakini hiyo ni barua nyingine. Ninachosema ni kwamba kila njia ambayo leo mtu anapita na begi zuri mgongoni kuna mtu aliipita na mzigo kichwani kabla yake. Wakisi wa Ikombe, kando ya ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu, vinakuja Matema kwa mtumbwi, kutoka hapo vinapanda kwenda kwa watu. Wakinga nao mnawajua, biashara wameanza kuitembea kwa miguu milimani huko Makete kabla ya kuja kushika maduka ya mjini. Hata jina la Mbeya wazee wanasema limetoka kwenye neno la Kisafwa la chumvi, ibeya, maana watu walikuwa wanakuja kubadilishana chumvi. Sasa hao wanakuja na chumvi walipita hewani?

Mtanisamehe narudi nyuma kidogo. 1877 alipita Mwingereza anaitwa Frederic Elton, alikuwa konsuli, yaani mwakilishi wa serikali yao, akapita kule juu kwenye uwanda ambao leo ni hifadhi ya Kitulo, mwaka huohuo kabla haujaisha akafia Ugogo kwa homa, lakini kwenye ramani za Wazungu uwanda ukaandikwa wa Elton. Amepita mara moja tu! Na milima inayoshuka ziwa Nyasa ikaitwa Livingstone, jina la msafiri mwingine wa Kizungu ambaye mwenyewe 1866 alilizunguka hilo ziwa upande wa kusini huko, sio kwetu. Nashukuru Kitulo imerudi kuwa Kitulo, imekuwa hifadhi ya taifa 2005, maua yenyewe ukitaka kuyaona nenda Desemba mpaka Aprili na uvae koti zito, usije kusema sikukuambia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kipunji. Yule nyani, au sijui tuseme kima, wa Rungwe mwenye nywele zimesimama kichwani. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja siku zote, watafiti wa wanyama wakasikia hilo jina wakawa hawana hakika kama ni mnyama kweli au ni mambo ya mizimu tu, maana huku kwetu stori za mizimu haziishi. 2003 wakamuona kwa macho yao pale Rungwe. 2005 dunia nzima ikatangaziwa kwamba amegunduliwa, 2006 wakasema huyu hata jenasi yake, yaani kundi la ndugu zake wa karibu, ni mpya, haikuwahi kutokea kwa nyani wa Afrika tangu 1923. Wao mwanzoni walimpa jina lao refu la Kiingereza, lakini mwisho wa siku jina lililobaki ni kipunji, lilelile la wawindaji. Kwa hiyo ukiniuliza nani alimgundua mimi nakujibu kwa swali, kwani nani alikuwa amempoteza?

Na Kyejo hivyohivyo. Ule mlima ulitapika moto mara ya mwisho kama miaka 200 na kidogo iliyopita, hakukuwa na kamera wala redio, habari imefika kwa wataalamu wa miamba kwa sababu wazee walikuwa wanasimuliana.

Sasa niwape langu. Mwaka jana vijana wa kaka yangu walikuja kutoka Dar wanataka Ngozi, mmoja ana programu kwenye simu inaonyesha njia, mstari mwekundu kabisa unaenda mpaka juu. Mimi mwenyeji, nikasema ngoja nikae kimya nione teknolojia. Tukafuata ule mstari. Ukatupitisha pembeni ya miti, ukatuingiza kwenye mfereji wa maji, tukatokea katikati ya shamba la viazi, matope mpaka kwenye magoti, ukungu umeshuka huwezi kumuona mtu wa tatu. Kuna bibi anachimba viazi na jembe dogo, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya sweta mbili. Tukamwamkia, akaitikia marahaba wajukuu zangu, halafu akauliza mnatafuta nini shambani kwangu. Tukamwambia Ngozi. Akacheka mpaka akaegemea jembe. Akasema Ngozi mmeipa mgongo, na hapo mlipopita sio njia, ni mfereji tulichimba sisi mvua isibebe udongo.

Kijana akamuonyesha simu. Bibi akaiangalia vizuri tu, akasema hiyo ni picha, mie nakuambia njia. Akatuelekeza: rudini mpaka kwenye mti uliopigwa radi, shikeni kushoto, mkiona migomba mwitu imeanza na mianzi inafuata mjue mmefika msituni, hapo msiache njia hata kama ni utelezi, na juu kabisa msisogee pembeni mkipiga picha maana ukuta wake unakata ghafla hadi kwenye maji. Kila alichosema kilikuwa kweli, hadi ule mti. Wakati wa kushuka tukapita kwake tukataka kumpa hela akakataa, akasema kama mna nguvu nibebeeni hili debe mpaka barabarani. Kijana wa Dar akabeba, amepumzika mara nne, na ile njia aliyotupitisha bibi ilikuwa fupi kuliko ya kwenye simu kwa mbali sana.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnaoandika na kwa wanaoweka vibao. Mkiandika njia andikeni na jina lake la pale kijijini, na mseme inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Pale njia zinapogawanyika kabla hujachomeka kibao muulize mtu mwenye shamba la pembeni, yeye ndio ataulizwa na kila aliyepotea, na akiwa na kijana wa kuongoza wageni basi apewe hiyo kazi badala ya kuletewa mwongozaji kutoka mjini ambaye naye anafuata simu.

Jambo dogo la kumalizia, mmeandika Rungwe ndio mrefu kuliko yote nyanda za juu kusini. Kwa ramani Rungwe ni mita 2,960 na mlima Mtorwi kule kwa Wakinga ni 2,961. Inaniuma kama mtu wa Rungwe lakini wametushinda kwa mita moja, rekebisheni tu. Na mwandishi wenu akija tena ashukie Uyole aniulizie pale kwenye mizani ya viazi, nitampeleka kwa yule bibi, ila aje na gambuti zake, za kwangu zimetoboka.

Muuza viazi, Uyole, Mbeya