Barua kofiani, mbunge dirishani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu Abraham Lincoln iliipitia miaka yake ya uwakili kwa sentensi moja tu, ikakimbilia Ikulu. Mimi ni karani mstaafu. Nimekaa masijala ya mahakama miaka 27 nikipokea hati za madai na kugonga mihuri, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwarudisha nyuma kidogo.

Huyu bwana alianza siasa kabla ya sheria. Mwaka 1832 aligombea bunge la jimbo la Illinois akaanguka, ingawa kijijini kwake New Salem alizoa kura 277 kati ya 300. Mwaka 1834 akapita. Leseni ya uwakili aliipata 1836 akiwa tayari mbunge, baada ya kujisomea vitabu alivyoazimwa na wakili John Todd Stuart.

Kesi alizoshughulikia zilizidi 5,000, na nyingi zilikuwa za madeni. Kila majira ya kuchipua na ya kupukutika majani alifuatana na Jaji David Davis kaunti kwa kaunti, farasi na matope. Kwenye nyumba za wageni mawakili walilala wawili wawili kitandani. Jaji alilala peke yake, maana mwili wake ulipita kilo 130! Mchana mnabishana mbele yake, jioni mnakula meza moja. Mtu aliyezunguka hivyo miaka na miaka hahitaji kuambiwa wapiga kura wamebanwa wapi. Jalada la deni humweleza mtu kuliko mkutano wa hadhara. Hilo sikulisoma popote, nililiona mwenyewe pale dirishani kwangu.

Lakini kuna jambo siwezi kumsamehe. Barua za kazi alizichomeka kwenye kofia yake ndefu. Mwaka 1850 alimwomba radhi wakili mwenzake kwa kuchelewa kumjibu: barua ilikuwa kofiani, kesho yake akanunua kofia mpya, ya zamani ikatupwa kando na barua yake ndani. Ofisini alikochangia na William Herndon kulikuwa na furushi la karatasi limeandikwa kwamba usichokiona kwingine kitafute humo. Nilicheka, kisha nikakumbuka wateja waliokuwa wakija kwangu mara tatu, mara nne, kuulizia jalada ambalo wakili wao amelisahau ndani ya gari.

Na hata bungeni hakuwa malaika. Desemba 1840 wenzake wa chama cha Whig walitaka kuvunja akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kikao kiamue jambo, wapate kuinusuru Benki ya Jimbo. Mlango ukazuiwa, Lincoln akaruka nje kupitia dirishani na wenzake wachache. Bahati mbaya alikuwa amekwisha kuhesabiwa, akidi ikawa imetimia.

Siku mtakapomwandika tena, naomba kofia na dirisha visiachwe.

Karani Mstaafu