Barua kwa mwanangu: mizani ya Gouda

Rotterdam, Uholanzi, Ijumaa baada ya sala

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Dada yako anakusalimu, na mwanawe keshajua kuniita babu bila ya kuchekacheka. Baridi si nyingi, ni mwezi wa Juni, lakini jua la huku halijui kwenda kwao: Magharibi inaingia saa nne usiku na dakika zake. Nimeshazoea kula chakula cha usiku kweupe.

Jana Alhamisi dada yako alichukua ruhusa kazini akanipeleka mji unaoitwa Gouda. "Baba," akanambia, "leo tunakwenda kula tu, hakuna jengine." Nikamjibu sikupanda ndege kuja kula jibini. Akacheka kile kicheko cha mama yako, cha mtu anayejua jambo ambalo wewe hujalijua.

Kwa treni ni kama dakika 20. Njiani tulipita Nieuwerkerk aan den IJssel, na akanionesha kuwa maeneo yale ndiyo ya chini kabisa katika nchi hii, mita 6 na ushei chini ya usawa wa bahari. Nikachungulia dirishani nikaona ng'ombe wanakula majani. Ng'ombe, mwanangu, pale ambapo kwa haki angekuwa anaogelea changu! Udongo wenyewe ni laini, umeshiba maji, haufai sana kwa nafaka. Basi wakauachia nyasi, nyasi zikalisha ng'ombe, na maziwa yalipozidi yakageuzwa jibini ili yasiharibike. Sisi samaki wakizidi tunafanya ng'onda. Ni akili ile ile.

Sasa sikiliza. Jibini la Gouda halikupata jina kwa kutengenezwa mjini Gouda. Wakulima walilitengeneza mashambani kwao, wakalileta mjini kuliuza, likashika jina la soko. Ni kama kahawa ya Mokha, ambayo haikuota bandarini. Uwanja wa soko una pembe tatu, na katikati limesimama peke yake jumba la baraza la mji, la mawe, lenye minara myembamba kama mishumaa na mbao za madirisha nyekundu kwa nyeupe. Lilimalizwa mwaka 1450. Lina saa yenye visanamu vinavyotoka kuigiza mji ulivyopewa hadhi yake mwaka 1272. Watu wote walinyanyua simu zao juu kupiga picha. Mimi sikuangalia sana, maana chini yake palikuwa pameanza jambo linalonihusu.

Magurudumu ya jibini ya manjano yalikuwa yamepangwa chini safu kwa safu, kila moja kilo kumi na zaidi. Wenyewe wamevaa mitalawanda. Naam, mitalawanda, ila ya kwao imefunika mguu mzima, hata chooni huwezi kuingia nayo kimya. Mnunuzi hafungui mdomo kwanza. Analigonga jibini kwa vifundo vya vidole akisikiliza. Kisha anachoma kichuma chembamba chenye mfereji, anachomoa kipande kirefu, anakinusa, anakivunja, anakisugua kwa dole gumba, anaonja, na kilichobaki anakirudisha tunduni kama kizibo. Nilisimama pale nikajiona mimi mwenyewe ninafungua matamvua ya nguru.

Halafu bei. Muuzaji na mnunuzi wanasimama uso kwa uso, mmoja anataja bei huku anampiga mwenzake kofi la kiganja. Mwenzake anajibu kwa bei yake na kofi lake. Pa, pa, pa. Anayekubali hupiga la mwisho na mikono ikashikana, biashara imekwisha. Siku hizi ni maonyesho ya wageni kuliko biashara, kila Alhamisi asubuhi, tangu Aprili hadi Agosti, sitaki kukudanganya. Lakini mikono ile haikuwa ya waigizaji. Mzee mmoja aliniona ninavyotazama akanyoosha kiganja chake. Nikampiga kofi nikanadi kama tulivyokuwa tukinadi samaki kwenye diko la Malindi huko Unguja, kwa sauti yote. Mjukuu wangu alijificha nyuma ya mama yake kwa aibu.

Dada yako akanieleza kuwa kwenye minada yao mikubwa, ya maua na ya samaki, mambo hayaendi kama kwetu. Bei inaanza juu, inashuka wenyewe wakiitazama, na wa kwanza kuizuia ndiye mwenye mali. Dalali hapigi kelele, dalali ni saa ya ukutani. Usiku sikulala vizuri nikilifikiria hilo. Mtu anashindana na woga wake mwenyewe, si na jirani yake.

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni kile kilichokuja baada ya makofi. Bei waliyopatana ni ya kilo. Sasa kilo ni ngapi? Hapo mzigo ulikwenda ng'ambo ya uwanja, kwenye nyumba ya mizani. Si kibanda, mwanangu. Ni jumba la mawe lililojengwa mwaka 1668 kwa ajili ya kupimia, na mbele yake wamechonga kwenye jiwe watu wakipima jibini. Mizani yenyewe imening'inia, kila sahani yake unaweza kulaza mtoto. Ya mji ni hiyo moja, si ya muuzaji wala ya mnunuzi. Na usidhani walitumia fedha zote zile kwa mapenzi ya haki peke yake: baada ya kupima, mji ulitoza ushuru wake palepale.

Nilikaa kwenye benchi nikakukumbuka. Ulipokuja na habari ya kuuza kwa kilo badala ya kuuza kwa macho, nilikwambia mbele ya wachuuzi kuwa dalali anayehitaji mizani hana macho. Watu wakacheka. Wewe hukunijibu. Nilidhani mizani inakuja kuondoa mkono wa mtu. Pale Gouda nimeona pua inafanya kazi yake, kiganja kinafanya chake, na mizani nayo inakuja mwisho kufanya yake, kwa karne na karne, na hakuna aliyemfukuza mwenziwe.

Haya, chakula, maana mama yako atakuuliza.

Jibini kwanza niliulizia kinachogandishia maziwa, kwani wengi hutumia kitu cha tumboni mwa ndama. Dada yako alikuwa ameshauliza. Yapo yanayogandishwa bila ya kitu cha mnyama, ndiyo tuliyokula. La wiki chache ni laini, halina neno. Lililokaa mwaka na zaidi ni gumu, lina chembechembe zinazolia menoni, ukadhani chumvi ya mawe kumbe si chumvi. Hilo nililipenda. Kisha muuzaji akanipa kipande cha jengine, nikakinusa kabla hakijafika mdomoni nikasema: karafuu! Jibini lenye karafuu ndani, lilianza kwa watu wa Friesland, kaskazini. Waholanzi hawa hawa ndio waliohodhi karafuu za visiwa vya Maluku, wakakata mikarafuu ya wengine ili bei isishuke. Wafaransa wakaiba miche wakaipeleka Mauritius, na katika karne ya 19 ikaenea Unguja na Pemba. Nilitafuna pole pole nikifikiri njia yote hiyo.

Samaki sasa. Kaa kitako. Wanamla mbichi. Heringi, ukubwa wake kama kibua mnene, hukatwa matamvua na matumbo yakatolewa isipokuwa kongosho, akatiwa chumvi kidogo, na hiyo kongosho ndiyo inayomlainisha. Lazima agandishwe kwanza kwenye barafu kali ili minyoo ife, ni sheria. Haitwi mpya mpaka mafuta yake yafike asilimia 16, ndiyo maana msimu unaanza Juni. Pipa la kwanza la mwaka hunadiwa, na fedha zake huenda kwenye sadaka. Unamshika mkia, unamchovya kwenye kitunguu kilichokatwakatwa, unaangalia juu na kumteremsha. Miaka arubaini nimeuza samaki na sikuwahi kufanya hivyo. Nikapiga bismillahi. Mwanangu, si mbichi kama unavyodhani: ni kama siagi iliyopita baharini. Nilikula wa pili. Dada yako alishindwa na wa kwanza.

Mwisho stroopwafel, kitu cha mji huo huo. Donge la unga linabanwa kwenye chuma cha moto, likiiva linapasuliwa katikati lingali moto, bapa na bapa, ndani inapakwa shira yenye siagi na mdalasini, kisha vinafunikwa tena. Wanasema ilianza kwa waokaji waliokusanya makombo ya keki ili wasiyatupe, ikawa tamu ya maskini. Mwambie mama yako na visheti vyake vilivyovunjika.

Mizani nunua. Usichukue ya kuning'iniza mkononi, watu watasema unaivuta kwa kidole. Chukua ya kusimama, uiweke mbele, namba zimtazame mvuvi na mchuuzi kwa pamoja. Samaki aangaliwe kwanza, bei ya kilo inadiwe kwa mdomo kama kawaida, ndipo apandishwe. Nusu ya fedha nitatoa mimi. Na nikirudi nitakuja diko asubuhi, wale wale waliocheka wakiwepo, nikusaidie kuinyanyua.

Watu wa ushuru wakiiona watakuja, hilo nakuonya mapema.

Jibini la karafuu nimelifunga kwenye kanga ya dada yako ndani ya begi. Mama yako asiambiwe bei yake.

Baba yako