Kujisikia poa sio sababu ya kuruka kliniki

Mwanangu,

Jana umesema unajisikia poa kwa hiyo kliniki ya moyo ya mwezi ujao huendi. Nimekesha na hilo neno. Kwa simu ningeanza kulia kabla sijamaliza, ndo maana nakuandikia.

We umezaliwa na chemba moja tu ya kusukuma damu, wengine wanazo mbili. Ulipasuliwa mara ya kwanza una siku 6, ya pili miezi 5, ya tatu miaka 4, hiyo ndo wanaita Fontan, jina la daktari Mfaransa aliyeifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1968 kule Bordeaux. Baada ya hiyo ya tatu nilikaa pembeni ya kitanda naziangalia kucha zako mpaka kukapambazuka, maana tangu uzaliwe zilikuwa za bluu na sasa zilikuwa na rangi kama zangu.

Lakini ile chemba ya pili haikupatikana mwanangu. Walichofanya ni kuiunga mishipa mikubwa ili damu inayorudi kutoka mwilini iende moja kwa moja kwenye mapafu bila kupita kwenye moyo, hiyo chemba moja ikabaki na kazi ya kupeleka damu mwilini. Kwenda kwenye mapafu hakuna pampu, damu inavutwa ukivuta pumzi, inasukumwa na misuli ya miguu ukitembea, ndo maana nilikuwa nakusumbua sana na mambo ya kutembea. Sasa damu isiyo na pampu inajazana nyuma, presha ya mishipa ile iko juu usiku na mchana, na ini linakaa kwenye hiyo presha miaka nenda rudi mpaka linaanza kupata makovu, na haliumi.

Moyo nao hivyo hivyo. Misuli inakakamaa kidogo kidogo, vali, ule mlango wa damu ndani ya moyo, inaanza kuvuja, mapigo yanavurugika. Na chemba yako ni ya upande wa kulia, ambayo kwa kawaida husukuma damu mpaka kwenye mapafu tu, sio mwili mzima, kwa hiyo inahitaji kuangaliwa zaidi.

Kinachoniogopesha ni hiki, wewe hujawahi kuwa na moyo mwingine wa kulinganisha. Mtu mwingine akiishiwa pumzi kwenye ngazi anashtuka, we tangu mdogo unasimama katikati unapumua unaendelea, ukipunguza mwendo hujui kama umepunguza. Mwaka juzi eko, kile kipimo cha picha ya moyo, ilionyesha vali inavuja na wiki hiyo hiyo ulikuwa unacheza mpira, unakumbuka? Yani kipimo kilijua kabla yako.

Sikuandikii kukutisha. Leo wapo watu wazima wengi wenye Fontan, wana kazi, wana familia, wengine wamevuka miaka 40. Ila kuna wanaopotea kwenye kliniki wakishatoka kwa madaktari wa watoto kwenda kwa wa wakubwa, na hapo ndipo ulipo wewe sasa hivi.

Aspirini usiache. Tumbo au miguu ikivimba, au ukiharisha bila kukoma, au moyo ukienda mbio, au ukizimia, usisubiri tarehe, nenda siku hiyo hiyo.

Mwezi ujao nakuja. Ntakaa nje kwenye benchi, ndani ingia mwenyewe, we ni mkubwa. Waulize vali imefikia wapi na ini litapimwa lini.