Kadi, bima na chuma viseme kitu kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie pikipiki za traiali. Mimi ni fundi, gereji yangu iko Mwanjelwa hapa Mbeya, na riziki yangu inatokana na bodaboda: cheni, plagi, kabureta, breki. Lakini siku hizi wapo wateja wanaoniletea hizi za traiali, na karibu wote wana swali moja: nifanyeje ipate namba na bima nipite nayo barabarani kihalali?

Kwa wasiozifahamu, hizi si za motokrosi. Motokrosi ni mbio. Kwenye traiali mpandaji husimama juu ya vikanyagio, akapanda jiwe au kuvuka korongo polepole, na kila akigusa chini kwa mguu anaandikiwa pointi ya adhabu. Ndiyo maana haina kiti cha kukalia, tenki lake ni la lita mbili au tatu tu, na nyingi zina uzito wa kilo 70 hivi. Fundi wa minara ya simu anayepanda Loleza, au mtu mwenye mizinga ya nyuki kwenye miteremko ya Rungwe, akiijaribu mara moja hataki tena nyingine. Shida ni kwamba huwezi kufika kwenye hiyo miteremko bila kupita lami. Ukitoka Mwanjelwa kwenda Isyonje lazima upite Uyole, na kuanzia hapo uko barabara moja na malori ya Malawi.

Mteja wangu mmoja anafuga nyuki upande huo. Alinunua traiali ya cc 250 iliyotengenezwa Hispania, kwa mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao baada ya kumaliza kazi ya kujitolea. Bei ilikuwa nzuri, chombo ni kizima, injini inaitika kwa teke moja. Makaratasi hayakuwepo, ila hati ya mauziano waliyoandikiana mezani. Wengi hawajui kwamba chombo kilichoingia nchini kwa msamaha wa kodi, kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi yake inadaiwa. Hati ya mauziano haifuti deni la forodha. Nilimwambia amuwahi muuzaji kabla hajaondoka, apate nyaraka zote alizoingizia pikipiki, kisha aende TRA na TIN yake wakamkadirie alipe, ndipo aombe usajili. Alifanya hivyo. Ilimuuma mfukoni, lakini leo ana kadi yenye jina lake na namba ya MC aliyopewa yeye.

Wapo waliomshauri vingine. Walimwambia achukue kadi na namba ya bodaboda iliyokufa aifunge kwenye hii yake, eti trafiki hawezi kujua. Ushauri huu nausikia mara nyingi na unanikera sana, kwa sababu anayekuja kuulipia si aliyeutoa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inatulazimisha wote kuwa na bima ya mtu wa tatu, hii tunayoiita bima ndogo. Bima ndogo haimtibu mwenye pikipiki wala haimtengenezei chombo chake. Imewekwa kwa ajili ya yule atakayegongwa. Imewekwa kwa ajili ya mama anayeuza ndizi pembeni ya barabara pale Kiwira. Siku akivunjwa mguu na pikipiki yenye namba ya kuazima, kampuni itakagua chombo, itakuta chasisi si ile iliyokatiwa bima, na itapata sababu ya kupinga madai. Mama wa watu ataanza kuzunguka mahakamani kwa magongo akidai haki ambayo ilikuwa yake toka mwanzo.

Hata aliyefuata taratibu zote anaweza kuharibikiwa na kalamu ya mtu mwingine. Mteja wangu huyo alipokwenda kukata bima, wakala alimjazia cc 125, kwa sababu amezoea kujaza hivyo kila pikipiki inayomfikia. Tulirudi kwake. Akatujibu kwamba haina shida, stika ni ile ile. Shida ipo. Bima ni mkataba wa kuaminiana, na ukikieleza chombo chako visivyo umempa mwenzako nafasi ya kuukana siku ya ajali. Tulisimama pale mpaka akarekebisha. Nawaomba wasomaji wasiishie kupokea ujumbe wa malipo tu. Mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, unakuwezesha kuhakiki bima yako kwa simu, basi hakiki na usome kila kilichoandikwa.

Vivyo hivyo kwenye kadi. Pikipiki ya traiali ni ya mtu mmoja. Abiria hana pa kukaa wala pa kukanyaga, lakini mkono wa karani umezoea kuandika wawili. Matumizi nayo ni binafsi, si biashara. Na anayetaka kwenda nayo mashindanoni ajue kwamba sera nyingi za bima za kawaida hazihusishi mbio wala mashindano ya traiali. Bima inayokufikisha kwenye mawe inaweza isikufuate juu ya mawe. Uliza kabla ya kulipa.

Sasa nieleze kazi ninayoifanya mwenyewe, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo. Namba ya chasisi ya pikipiki hizi mara nyingi imegongwa kwenye shingo, chini ya usukani, na juu yake zimepita nyaya za klachi na breki. Ikishapita msimu wa mvua za huku, matope na kutu vinaifunika kabisa. Mimi nasogeza nyaya, naosha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nakausha, halafu nabandika karatasi nyembamba juu ya chuma na kuipaka penseli taratibu mpaka namba yote itokee: herufi na tarakimu 17, ikianza na V kama zilivyo nyingi za Hispania. Namba za mtindo huu hazitumii kabisa herufi I, O wala Q, kuepusha kuchanganywa na moja na sifuri. Kwa hiyo ukiona fomu ina O ndani ya namba ya chasisi, ujue imeshakosewa. Karatasi hiyo ya penseli nampa mteja aibebe kwenda nayo ofisini na kwa wakala, kila mmoja anakili kutoka chuma kilekile.

Niliwahi kusoma jinsi Waingereza wanavyofanya. Kule Scotland kuna mashindano maarufu ya siku sita yanayofanyika Fort William kila Mei, na washindani hupita barabara za umma kati ya sehemu moja ya mawe na nyingine, kwa hiyo lazima pikipiki ziwe na usajili na bima. Kwa sheria yao, hata pikipiki isiyo na taa inaweza kupita MOT, yaani ukaguzi wao wa lazima wa ubora wa chombo, kwa masharti kwamba itatumika mchana tu. Siombi tuige hilo. Anayeijua Isyonje mwezi wa sita au wa saba anajua kwamba saa nne asubuhi ukungu unaweza kuwa umelala barabarani usimwone mtu wa mbele yako. Huku mchana si kinga. Mteja wangu nilimwambia taa ni lazima, na nikamfungia.

Kufunga taa kwenyewe kunahitaji akili kidogo. Nyingi za mashine hizi hazina betri. Umeme unatoka kwenye koili za magineto, ni wa kupanda na kushuka, na ukiunganisha taa za LED moja kwa moja zinapepesa au zinaungua. Ninaweka regyuleta na betri ndogo chini ya bodi ya nyuma, kisha taa ya mbele, taa nyekundu na ya breki nyuma, honi, vioo na mahali imara pa kufunga namba. Upepo wa matairi nao uongezwe kabla ya kuingia lami, maana ule kidogo wa kwenye mawe unaifanya iyumbe kwenye kona. Na kwa injini ya zaidi ya cc 125 leseni iwe ya daraja A. Ile A1 haitoshi.

Jambo moja la kuwatoa watu hofu: ada ya mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa mwaka 2017. Ukishasajili, bima ndiyo usiache kuilipia kila mwaka.

Ombi langu kwa TRA, TIRA na Jeshi la Polisi Kikosi cha Usalama Barabarani ni hili. Kaeni pamoja mtoe karatasi moja ya Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za mikoa, ieleze pikipiki ya michezo iliyonunuliwa kwa mgeni inapitia madirisha gani, inahitaji nyaraka gani, na inatakiwa kufungwa vifaa gani kabla ya kwenda kukaguliwa. Leo mtu anatoka Makete, anashuka zile kona 57 mpaka Chimala, anafika Mbeya mjini, anaambiwa alete karatasi ambayo angeweza kuibeba toka asubuhi kama angejua. Mwingine anachoka, anarudi nyumbani, na kesho anaifunga namba ya bodaboda iliyokufa. Na mawakala wa bima waagizwe wasome kadi na chuma kabla ya kujaza mfumo.

Ni mimi,
Fundi pikipiki,
Mwanjelwa, Mbeya